Namba Iliyoganda Siku Tisa

Mudathiri Maftaha Abdulrahmani, mdogo wangu wa tumbo moja, anatoka ukoo wa watembeaji. Babu yetu Abdulrahmani alikuwa tarishi. Alibeba barua za serikali kwa miguu kutoka Kilwa Kivinje hadi Liwale, na hakupoteza hata moja. Baba yetu Maftaha alilinda waya wa simu. Nguzo ikiingiwa na mchwa, yeye alijua kabla haijainama. Mudathiri akapewa bomba la gesi. Kilomita kumi na moja za mkuza, ule ukanda uliofyekwa juu ya bomba, alizipita kila siku ya Mungu.

Gesi ile haina harufu, kwa hiyo pua haisaidii. Mudathiri alitazama majani. Yakikauka mviringo katikati ya mabichi, alimwaga hapo maji ya sabuni ya kufulia. Povu likichemka bila moto, pana tundu. Elimu yake yote ndiyo hiyo, na miaka minne ilitosha.

Kisha kampuni ya bomba ikatuletea Sixbert, kijana wa Dar es Salaam, kompyuta mapajani, viatu havijawahi kuona tope. Wakafunga visanduku kando ya bomba, kila kimoja na kibao chake cha umeme wa jua. Kisanduku kinapima msukumo wa gesi, kinarusha namba hadi Dar.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Sasa utapumzika, mzee wangu. Hata tundu la sindano tutaliona Dar tukiwa tumekaa."

"Mkiwa mmekaa," akasema Mudathiri. "Hapo nakuamini."

Kijijini hatuna umeme. Gesi inapita chini ya nyayo zetu kwenda kuwapoza watu kwa viyoyozi. Basi Nassibu, shemeji yake Mudathiri, aliyewekwa kulinda kisanduku cha kwetu, akachomoa nyaya za kile kibao akachajia simu za kijiji kizima. Kisanduku kikafa. Kule Dar kioo cha kompyuta kikabaki na namba ya mwisho, ya kijani, na wasomi wale wakaitazama siku tisa haijasogea hata nukta. Wakasema hali ni shwari. Mimi nikiona chungu hakichemki siku tisa, nachungulia kuni.

Siku ya tisa, Jumatano, Mudathiri akakuta majani yamekauka kando ya shamba la Restuta, Mmwera mjane, jirani yetu. Akamwaga sabuni. Povu likachemka. Na Restuta alikwisha kufyeka. Jumamosi alikuwa anachoma shamba.

Mudathiri akapiga simu Dar. "Sixbert, bomba linavuja. Na hapa Jumamosi panawashwa moto."

"Usiwe na presha, mzee. Hapa kwangu kijani tupu."

"Hapa kwangu pamekauka."

"Huo ukame tu. Mfumo haudanganyi." Akakata.

Restuta naye, alipoambiwa asichome, alikuwa mkali. "Baba Hafsa, mvua ikinikuta sijachoma, wanangu watatafuna bomba?"

"Ukichoma, hapatabaki wa kutafuna."

Akampeleka akaone povu. Mama wa watu akarudi nyumbani, akaficha kiberiti.

Mudathiri akaenda moja kwa moja hadi kwenye kisanduku. Simu kumi na nne zimepangwa mbele ya Nassibu kama vitumbua.

"Shemeji, yako nayo ina chaji kidogo?" Nassibu akauliza, bila haya.

Mudathiri akang'oa simu zote, akarudisha nyaya mahali pake. Haikupita nusu saa, Dar wakapiga wenyewe.

"Mzee! Msukumo umeshuka! Umefanya nini?"

"Nimekuamsha."

Alhamisi magari yakafika, Ijumaa tundu likazibwa. Taarifa ya kampuni ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji: mfumo wa kisasa umegundua uvujaji mapema. Sixbert akapigiwa makofi, akayapokea. Mwisho wa mwezi Mudathiri akapewa barua: kazi yake sasa inafanywa na mitambo.

Aliisoma mara moja, akaikunja, akaenda shambani kwa Restuta.

"Mama, kesho mimi sipiti tena. Bonde hili asiwashe mtu moto kabla wewe hujatembea mkuza, toka kijitoni hadi barabarani. Ukisema hapana, ni hapana."

"Mimi? Nani atanisikiliza?"

"Wewe ndiye uliyeficha kiberiti. Twende nikuonyeshe pa kuanzia."