Kuku wa bi mkubwa alivyomnyima dada yangu mhudumu wa nyumbani wa serikali

Wakuu, salaam.

Kisa hiki ni cha kwetu, nilikuwepo mwanzo mwisho, na hakuna chai ya kutunga hata kijiko. Majina tu nimebadilisha, maana Same ni ndogo na bi mkubwa ana wapambe mpaka humu.

Mimi ni fundi simu hapa Same mjini. Nyumbani ni juu kule Chome, ambako ukipanda na bodaboda unafika kiuno si chako. Bi mkubwa, yaani mama yetu, anaishi kule na dada yangu Namkunda, mkubwa kwangu, miaka thelathini na minne.

Namkunda amezaliwa na Down syndrome. Anaongea, anacheka, anajua kanisani nani kanuniana na nani. Ila mambo mengi ya mwili wake na ya nyumba alikuwa hajawahi kuyafanya mwenyewe.

Sasa bi mkubwa akaanza kusumbuliwa na macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari alishasema afanyiwe upasuaji, lakini kila nikimpigia jibu ni lile lile: "Namkunda nitamwacha na nani?"

Nikisema nitakuja kukaa naye mimi, ananiuliza kama nitamwogesha dada yangu.

Mwaka ukapita. Akaanza kumimina chai nje ya kikombe.

Ndipo mteja wangu mmoja akanidokeza kwamba halmashauri ina nafasi chache za huduma ya nyumbani kwa watu wenye ulemavu wa akili. Mhudumu aliyefundishwa anakuja kwenu, anamfundisha mtu shughuli za kila siku, na mlezi akisafiri anabaki naye. Serikali ndiyo inamlipa.

Nikakimbia kwa afisa ustawi wa jamii, nikajaza fomu, nikaambiwa atapanda kututembelea Jumanne.

Kosa langu lilikuwa kumtajia bi mkubwa kwamba ni Jumanne.

Wakuu, mgeni wa serikali anakuja Upareni! Ua ulifagiliwa mara tatu. Namkunda akasukwa, akavalishwa kitenge cha Pasaka. Na akachinjwa kuku. Mnaotusema Wapare kwa ubahili rudini msome tena hapo, akachinjwa kuku.

Afisa akafika, binti mdogo tu, vumbi la njia mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo makaratasi weka kwanza, ule."

Akala, tena akaongezewa. Ndipo akafungua fomu.

"Mama, Namkunda anaoga mwenyewe?"

"Anaoga."

"Anapika?"

"Anapika vizuri tu."

"Amewahi kutoka akapotea?"

"Huyu? Hajawahi."

Mwaka uliotangulia nusu kijiji tulimtafuta, tukamkuta kule karibu na msitu wa Shengena anachuma maua. Na mimi mwanaume mzima nimekaa pale natafuna firigisi. Ungembishia mama yako mbele ya mgeni? Mimi sikuweza.

Baada ya wiki tatu majibu yakatoka. Namkunda hana uhitaji kwa sasa, nafasi inaenda kwa mwingine.

Bi mkubwa akawaka kwenye simu. "Mwanangu hana uhitaji? Wamemwona wapi? Tunakata rufaa."

Mnamjua Mpare na rufaa. Mjomba wetu mmoja alikata rufaa kesi ya mgomba mpaka mgomba wenyewe ukazeeka ukaanguka, na yeye bado anasubiri tarehe.

Nikamwambia, "Mama, shahidi wao ni wewe."

Akanikatia simu.

Nikarudi ofisini peke yangu. Yule afisa hakunigombeza. Akasema, "Kaka, mimi naandika ninachoambiwa na ninachokiona. Kwenu niliona sherehe." Akaahidi atarudi, ila siku hasemi.

Akatokea Alhamisi moja, mimi nimepanda kusaidia kuvuna maharage. Alitukuta kama tulivyo. Namkunda kavaa gauni nje ndani. Makande yameungua kwa sababu bi mkubwa hakuona kwamba maji yamekauka. Akataka kukimbilia ndani abadilishe kanga, afisa akamwomba akae vile vile.

"Mama, Namkunda anaoga mwenyewe?"

Bi mkubwa alishika pindo la kanga yake.

"Namwogesha mimi," akasema. "Miaka thelathini na minne namwogesha mimi. Siku hizi simwoni vizuri, namwogesha kwa kupapasa."

Nililia, sifichi. Namkunda alipokuwa mdogo watu walimshauri mama amfungie ndani. Yeye akambeba kanisani kila Jumapili, na kila aliyeuliza akajibiwa kwamba mtoto hana tatizo lolote. Jibu hilo ndilo lililomlinda dada yangu miaka yote, na sasa mama alilazimika kulitupa mbele ya karatasi.

Afisa akamgeukia Namkunda. "Na wewe dada, unataka kujifunza nini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kuwasha moto," Namkunda akajibu, bila hata kufikiri.

Bi mkubwa nusura asimame. Maisha yake yote alimkataza kusogelea mafiga.

Safari hii tukapata. Mhudumu ni dada mmoja wa kitongoji cha jirani, tumwite Nanzia, mpole lakini mbishi. Siku tatu kwa wiki. Siku ya kwanza ya moto, moshi ulijaa jikoni mpaka majirani wakaja na ndoo za maji. Namkunda akawakaribisha chai, na chai yenyewe haipo.

Mwezi wa pili anawasha moto kwa kijiti kimoja cha kiberiti. Anaoga mwenyewe, isipokuwa mgongo. Bi mkubwa alikuwa anajifanya anachambua mchicha nje huku katega sikio.

Basi siku moja akanipigia mwenyewe: "Nitafutie nafasi hospitali."

Nanzia akahamia kule kwa siku zile, mimi nikamteremsha mama. Wakafanya jicho la kulia. Tulipopanda naye kurudi, bandeji imeshatolewa, Namkunda alikuwa amechemsha chai, anatusubiri mlangoni.

Bi mkubwa hakukaa. Alimshika Namkunda kichwa, akakisogeza kwenye mwanga.

"Namkunda, una mvi?"

"Ninazo."

"Kumbe umekuwa mtu mzima."

"Zamani sana, mama. Kunywa chai."

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia pikipiki.

Nilichojifunza ni kwamba afisa akija, mwonyeshe nyumba yenu ya siku zote. Kusema mtu wako anahitaji msaada si kumdhalilisha. Sisi tulimpenda dada yetu kwa kumtetea na kumjibia kila kitu, hata swali la anachokitaka yeye.

Jicho la pili ni mwezi ujao, na safari hii mwenye haraka ni bi mkubwa.

Wenye ndugu kama Namkunda, mmeshawahi kumuuliza mwenyewe anataka kujifunza nini? Andikeni hapa chini alichowajibu. Kama bado, nenda kamuulize kwanza, uzi utakukuta.