Gitaa la Stima la Makau

Jambo la kwanza ambalo mgeni angeliona kwa Makau ni kwamba hakuupita mlango bila kuugonga, hata ukiwa wazi na wenye nyumba wamekaa wanamtazama. Aligonga meza za hoteli. Aligonga viti vya kanisa. Waliomjua juujuu walidhani ni adabu iliyopita kiasi, kumbe mwenzao alikuwa akitafuta ubao unaojua kuimba.

Sababu ilikuwa gitaa lake. Alilipata Ruiru mwaka wa 1953, alipokuwa akifagia ukumbi wa klabu moja. Mgoa aliyelipiga alikuwa anarudi kwao, akamwachia Makau kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akilipangusa bila kuambiwa. Lilikuwa gitaa la stima, rangi ya asali ya Ukambani, mwili wake ubao mzima usio na tundu. Bila spika, sauti yake haikufika hata upande wa pili wa meza. Na nyumbani kwa Makau, Kamenu, hakukuwa na stima, ila taa ya chemni tu.

"Hata mbuzi wangu anamshinda huyo bubu wako," Bedan alipenda kumtania. Bedan alikuwa seremala, na ndiye aliyepiga ngoma katika bendi yao.

Makau hakujali. Alikuwa amegundua kwamba akiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati, kabati zima huimba. Ugunduzi huo ulimfaa mtu mmoja kuliko wote: mkewe, Kalondu. Miaka ya kusimama kando ya mashine ya kuparua mkonge, huko mashariki ya Thika, ilikuwa imemmaliza masikio. Watu wakizungumza, alitazama midomo. Lakini jioni alilaza shavu lake kwenye kabati akasikia kila uzi.

"Hapo umeruka, Baba Ndinda. Rudia."

Naye akarudia. Harusini Makau alipiga gitaa kavu la kuazima, lisilohitaji stima, lakini hakuwahi kuwapigia watu wimbo ambao Kalondu hajausikia kwanza pale kabatini.

Siku moja mwaka wa 1959, Bedan aliingia akihema. "Makau! Ukumbi wetu wa hapa Kamenu unatiwa stima! Jumamosi inawashwa, na spika nimeshapata. Bubu atasema!"

Makau akainamisha kichwa. "Tafuteni mwingine."

"Mwingine? Umemlea mtoto miaka yote hii, leo siku ya ubatizo wake unakimbia?"

"Mle ndani kutakuwa na vigelegele na vumbi, Bedan, na kabati silibebi." Makau alishusha sauti, ingawa haja haikuwapo. "Mama Ndinda atakaa pale anitazame vidole tu. Gitaa hili litoe sauti yake ya kwanza, na yeye asiisikie? Siwezi."

Kalondu alikuwa pembeni akichambua maharagwe. Maneno yote aliyaona yakitoka. Akaweka ungo chini, akajifunga leso.

"Nipelekeni huko ukumbini."

Walipofika alivua viatu, akapanda jukwaani, akaanza kugonga mbao kwa kisigino, ubao baada ya ubao, kama alivyofanya mumewe kwenye milango ya watu. Karibu na pembe akasimama.

"Huu hapa. Spika iwekwe juu yake, na mimi nitakaa kando yake, miguu mitupu."

Bedan alijikuna kichwa. "Jukwaani, Mama Ndinda? Katikati ya wanaume wa bendi? Watu watasema."

"Waseme. Kwani nani atawasikia?"

Makau alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha kicheko kikamwisha. Akamgeukia mkewe na kufungua kinywa vizuri ili amwone. "Na usiposikia?"

"Nikisikia, nitakuambia uliporuka," alijibu.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Waya ulikuwa umeshachomekwa, na spika ilikaa juu ya ubao aliouchagua Kalondu. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kando yake, viatu mapajani, nyayo zimetulia kwenye mbao. Nje, fundi wa stima alikuwa bado juu ya nguzo. Kila mara mtu alitoka kumchungulia, akarudi akitikisa kichwa.

Macho ya wote yalikuwa kwenye globu iliyoning'inia darini. Makau peke yake hakuitazama. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye nyuzi, na macho yake kwenye uso wa mkewe, akingoja.