Chai ya Mzee Gichuru na Damu ya Awiti

Katika kliniki ya Daktari Debra Wanjugu, mjamzito hupimwa mara mbili. Kwanza hupimwa na muuguzi, Sista Millicent Nasimiyu, kwa mizani na mashine ya presha. Kisha hupimwa na Mzee Gichuru, baba yake daktari, ambaye husimama kwenye mlango wa jikoni, akamtazama mgonjwa kuanzia juu hadi chini, akatafakari kama anahitaji kikombe kikubwa au kidogo, na kila mara akaamua kwamba ni kikubwa.

Kliniki iko Kinoo, pembezoni mwa jiji, karibu na barabara ya Waiyaki Way, katika nyumba ambamo daktari alilelewa. Sebule sasa ni chumba cha kusubiria na chumba cha wageni ni cha kujifungulia. Mzee alijenga kijumba kingine nyuma, kando ya ng'ombe wake wawili, na kumwachia binti nyumba yote isipokuwa jikoni. Alieleza sharti lake siku ile ile: hakuna mtu atakayeingia boma lile akatoka bila chai, awe mgonjwa au awe mtu wa kusoma mita ya maji. Daktari, ambaye amesomea magonjwa ya wanawake zaidi ya alivyosomea jambo lolote jingine maishani, alikubali bila kubishana. Nyumba ilikuwa ya mzee, na chai ilikuwa tamu.

Mzee humwita binti yake Mama, kwa kuwa Wanjugu ni jina la mama mzazi wa mzee. Kumwita Mama, hata hivyo, hakujawahi kumfanya amtii.

Siku mbili kwa wiki daktari hatoki kwake Woodley kuja Kinoo bali hushuka katikati ya jiji, ambako ana chumba kwenye ghorofa ya tano ya jengo ambalo lifti yake hupata likizo nyingi kuliko wapangaji. Huko huwaona wanawake wa ofisini na wachache wa mtaa wa kitajiri wa Spring Valley, wanaokuja na saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo. Anasema wajawazito wa mjini na wa Kinoo hawana tofauti, ila wanadanganya kwa mitindo miwili. "Wa mjini ananiambia amesoma. Wa Kinoo ananiambia amesikia. Nikiuliza amekula nini asubuhi, wote wawili wanatazama dirisha."

Kuhusu waume ana maoni mafupi. Mume huuliza kama ni mvulana. Kuhusu mama wakwe ana maoni marefu, na mengi hayafai gazetini, lakini kiini chake ni hiki: mwanamke akivimba uso na kuumwa kichwa, kisha akaambiwa na mama mkwe kwamba hata yeye alivimba na akazaa vizuri, atakaa nyumbani mpaka aletwe amebebwa. "Mimba si ugonjwa," husema daktari, "lakini pia si mashindano ya kuvumilia."

Awiti alikuja akiwa na mimba ya miezi sita. Anauza nguo za watoto za mitumba kando ya barabara, mtupo wa jiwe kutoka lango la kliniki, na mumewe, Ochola, ni mlinzi wa usiku huko Spring Valley. Hii ilikuwa mimba ya pili. Kifungua mimba alikuwa amezaliwa katika wodi kubwa ambako, kwa maelezo ya Awiti, walimwita "wewe wa kitanda cha mwisho" tangu alipoingia hadi alipotoka. Safari hii alitaka kuzalia mahali ambapo watu wanajua jina lake.

Sista Millicent alimdunga kidole na kupima damu. Ilikuwa nane. Mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja, au angalau kumi, kwa sababu mwenye damu kidogo anaweza kupoteza maisha kwa kuvuja ambako mwenzake angekuvumilia. Kliniki haina akiba ya damu. Sheria ya daktari, ambayo haijawahi kulegezwa kwa machozi wala kwa kuku wa kupewa, ni kwamba anayefika mwezi wa tisa akiwa chini ya kumi hazalii pale. Anapelekwa hospitali kubwa.

"Awiti, unatafuna mawe?" daktari aliuliza.

"Mawe gani, Daktari?"

"Odowa."

"Nilikuwa natafuna. Niliacha."

"Lini?"

"Nilipokuona hapo mlangoni."

Daktari alinyoosha mkono. Awiti alifungua mkoba na kutoa, kwa uchungu wa mtu anayekabidhi urithi, kipande cha lile jiwe laini ambalo wanawake wajawazito hununua sokoni na kutafuna kama biskuti. Daktari amekusanya mawe ya aina hiyo kiasi kwamba ameyajaza kwenye chungu cha maua dirishani. Alimpa Awiti vidonge vya kuongeza damu na kumwambia arudi baada ya mwezi.

Baada ya mwezi damu ilikuwa bado nane.

"Vidonge unameza ama unaweka akiba?" daktari aliuliza.

"Nameza, Daktari. Haki."

"Damu inasema humezi."

"Basi damu inanisingizia."

Daktari hakucheka. Aliagiza kwamba kuanzia kesho yake Awiti apitie kliniki kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, ameze kidonge mbele ya Sista Millicent, kisha afungue kinywa kionekane hakuna kilichofichwa. Awiti alisema hata mtoto wake wa nasari haonyeshi ulimi hivyo. Lakini alikuja. Alikuja kila asubuhi, Jumapili pia, kabla ya kanisa. Sista alimpa kidonge. Na kwa kuwa hakuna mgeni anayeteremsha dawa kwa maji matupu katika boma la Mzee Gichuru, mzee, ambaye wagonjwa humwita Guka, yaani babu, alimpa kikombe kikubwa. Kidonge kilishuka vizuri. Hata kile kichefuchefu cha asubuhi kilipungua. Kila mtu aliridhika.

Mwezi wa pili ulipoisha, damu ilikuwa nane na kitu kidogo.

Daktari alipima malaria, hamna. Alimpa dawa ya minyoo. Alimhoji juu ya chakula, naye Awiti akataja sukuma, omena, maharagwe, na maini Ochola akilipwa. Mkoba ulikaguliwa tena na haukuwa na jiwe. Hatimaye daktari alisema jambo ambalo Awiti alikuwa akiliogopa.

"Hospitali kubwa watakuwekea dawa ya damu kwa mshipa, na utazalia huko. Tuanze kujitayarisha."

"Daktari, nimemeza zote mbele ya Sista. Kosa langu ni gani?"

"Sijui. Nipe wiki hii."

Daktari anakiri kwamba hilo "sijui" lilimkera kuliko ugonjwa wowote. Alilala nalo Jumatatu na akashinda nalo mjini Jumanne. Jumatano akawa na darasa la akina mama.

Darasa hufanyika sebuleni, na daktari hulitoa akiwa amesimama. Siku hiyo alikuwa akieleza habari za vidonge vya damu, somo alilolirudia kwa miaka kiasi kwamba angeweza kulitoa usingizini. Aliwaambia kwamba vidonge vile havipatani na chai. Majani ya chai hushika tumboni yale madini ya chuma yaliyo kwenye kidonge na kuondoka nayo kabla hayajaingia mwilini, na maziwa nayo husaidia wizi huo. "Meza kwa maji," alisema, "ama kwa chungwa. Halafu chai iwe mbali. Kama saa mbili baadaye."

Kisha akanywa chai yake.

Sebule nzima ilikuwa na vikombe mkononi. Awiti alitazama chake. Akamtazama Sista Millicent. Sista Millicent akatazama dari, ambayo haikuwa na la kumsaidia.

"Daktari," alisema Awiti, "ile ninateremshia dawa hapa kila asubuhi ni nini?"

"Unateremshia na nini?"

"Na ya Guka."

Daktari alimgeukia muuguzi. "Sista?"

"Sikuwa naihesabu, Daktari," alisema Sista Millicent. "Ya nyumbani huwa nawaambia wasinywe na dawa. Lakini hii ya hapa... hii nilikuwa naichukua kama salamu."

Mwanamke mmoja mwenye mimba ya mapacha alianza kucheka, akashika tumbo kwa mikono miwili, na wengine wakafuata. Hapo ndipo daktari alipotambua kwamba hata yeye, akiwauliza wagonjwa wanakunywa vikombe vingapi kwa siku, hakuwahi kuhesabu kile walichokuwa wameshika mbele yake. Wala chake.

"Awiti," alisema, "nilikwambia unaweka akiba."

"Ulisema."

"Pole."

"Nimesikia. Sasa nirudishie jiwe langu."

"Hilo hapana."

Kumwomba radhi mgonjwa kulikuwa rahisi. Kilichobaki kilikuwa jikoni.

Mzee Gichuru alikuwa akichunga sufuria isifurike. Ana umri wa miaka themanini kasoro kidogo, na huvaa koti hata jiko likiwaka.

"Baba, asubuhi wale wa dawa uwape maji."

"Maji?"

"Maji. Ama chungwa."

"Mgeni apewe maji kama kuku?"

"Si mgeni, Baba. Ni mgonjwa."

"Huko kwako chumbani ndiko ni mgonjwa. Akiingia kwa lango ni mgeni."

"Chai yako inamnyima damu."

Mzee alikoroga. "Mama, wewe nilikulea kwa hii chai. Mama yako alikubeba akinywa hii chai, miezi yote."

"Na alipokuzalia mimi aliongezwa damu," alisema daktari. "Uliniambia mwenyewe. Ulikaa kwa benchi ukingoja chupa iletwe."

Mzee alizima jiko. Alivuta kigoda akaketi. Daktari anasema alitamani kuyarudisha maneno yale, lakini alimfikiria Awiti akiwa kitanda cha mwisho cha wodi kubwa, akayaacha yakae pale yalipo.

"Mpaka saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Dawa ikimezwa saa mbili, chai saa nne."

"Saa nne ni kama chakula cha mchana."

"Saa nne, Baba."

Kesho yake mzee alinunua machungwa. Aliyakamua kwa mkono, akionyesha wazi kwa uso wake kwamba hiyo si kazi ya mtu mzima, na kumkabidhi Awiti glasi. Lakini saa nne kamili alitoka jikoni na birika. Matokeo yake hakuna aliyeyatarajia: wanawake waliokuwa wakimaliza kliniki saa tatu sasa hawakutoka. Walikaa sebuleni wakingoja chai, wakiulizana habari za miguu kuvimba na mtoto kucheza, na Sista Millicent, ambaye zamani alilazimika kuwafuata kwa simu, aliwapata wote mahali pamoja. Daktari alinunua mabenchi mawili.

Awiti alipofika mwezi wa tisa, alidungwa kidole. Damu ikasoma kumi na nusu. Daktari akaomba kidole kingine.

"Cha pili ni cha nini?" aliuliza Awiti. "Damu ya hiki ni ya jirani?"

Nacho kikasoma kumi na nusu. Daktari alisema, "Utazalia hapa," kisha akaanza kupanga vitu mezani ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Uchungu ulimpata asubuhi, akiwa anatundika nguo kibandani, na alitembea mwenyewe hadi lango. Ochola alifika kutoka kazini akiwa bado na sare na kofia, akasimama nje ya mlango kama anayelinda benki. Mtoto alikuwa msichana, na alilia kabla ya kuombwa. Lakini daktari hakusherehekea. Kondo la nyuma lilipotoka aliweka mkono juu ya tumbo la Awiti, akasugua, akatazama damu, akasugua tena, na kwa muda huo hakumjibu mtu yeyote, hata Awiti alipomwuliza kama amekasirika. Damu ilitoka kwa kiasi chake, ikapungua, ikakoma. Tumbo likakaza chini ya mkono wake.

"Sijakasirika," alisema hatimaye.

Siku hizi, mjini na Kinoo, akimwuliza mjamzito juu ya chai na kupewa jibu, huongeza swali la pili: "Pamoja na ile ambayo si chai, ni salamu?" Anasema idadi ya vikombe huwa inapanda.

Asubuhi ile aliyozaa Awiti, mtoto alipokuwa amefungwa blanketi, mlango uligongwa. Alikuwa Mzee Gichuru, na birika mkononi, akiwa amevaa koti lake zuri.

"Amemeza dawa?" aliuliza kupitia mwanya.

"Sasa hivi tu, Guka," alijibu Awiti kutoka kitandani.

Mzee alitazama saa yake. Akamtazama Ochola, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, akamsogeza kidogo na kuketi kando yake, birika magotini, kusubiri.