Harufu ya Waridi Katika Maziwa ya Barwaqo

Barwaqo Korane alikuwa ameuza maziwa ya ngamia mjini Garissa kwa miaka kumi na tisa, na kwa muda wote huo hakuna mtu aliyemrudishia hata kikombe. Kwa hiyo siku Salat, mwenye hoteli ya chai karibu na stendi, alipomrudishia jerikani nzima, alidhani anataniwa.

"Abaayo, dada yangu, sikutaka kukuvunjia heshima," Salat alisema, akiitua jerikani chini mbele ya watu. "Lakini wateja wananiuliza kama siku hizi natia marashi kwenye chai. Onja mwenyewe."

Akaonja. Maziwa hayakuwa yamechacha. Ule moshi wa kuni anazofukizia vyombo vyake kila alfajiri ulikuwepo, lakini juu yake palikuwa na kitu kingine, kitamu cha kuchefua, kama sabuni ya kuogea bibi arusi. Waridi.

Alijua palepale kilikotoka. Kilitoka mikononi mwake.

Miezi miwili nyuma, kibanda cha maziwa pale sokoni kilikuwa na maji. Hayakuwa maji ya kujivunia: tangi jeusi juu ya matofali, koki inayovuja, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba ili kisitembee. Lakini wanawake wote wa maziwa walinawa hapo kabla ya kufungua jerikani, na kila baada ya kumimina. Kisha koki ikavunjika. Badala ya fundi wakaja vijana wawili na mkokoteni, wakalibeba tangi lote, wakisema linapelekwa kutengenezwa. Wiki iliyofuata, pale lilipokuwa, ukutani vikapigiliwa vyombo vinne vyeupe vya plastiki vya kubonyeza, vimejaa maji mazito ya rangi ya waridi.

Abdiwahid, msimamizi wa soko, alikuja siku hiyo na mpiga picha.

"Akina mama, habari ya ndoo na sabuni imepitwa na wakati," alisema. "Hii ni sanitaiza ya kisasa. Inaua viini, inanukia, na huhitaji hata taulo. Kuanzia leo, asiyeitumia hauzi hapa."

Barwaqo alitii. Na kusema kweli, mwanzoni alipendezwa. Alimnyooshea jirani yake Rukiyo viganja na kumwambia anuse, wakacheka. Lakini wiki ya pili ikaanza kumwasha katikati ya vidole. Wiki ya nne ngozi ikapasuka, na usiku alishindwa hata kukunja ngumi. Alipomwonyesha Abdiwahid, yule bwana aliitazama mikono yake kwa mbali, akasema labda haogi vizuri.

Haogi vizuri! Mwanamke anayetawadha mara tano kwa siku!

Alilimeza hilo. Ila hili la Salat hakuweza kulimeza. Aliingia kibandani, akakinga ile sanitaiza kwenye kopo, akachukua na moja ya zile galoni tupu ilimokuja, akaenda moja kwa moja kwa Hodan, binti wa kaka yake, ambaye ni mfamasia katika duka la dawa mtaani.

Hodan kwanza aliishika mikono ya shangazi yake na kuigeuza polepole chini ya mwanga wa dirisha. Kisha akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye galoni, mbele na nyuma.

"Eeddo, hapa wameandika maji, rangi na marashi. Hawajaandika spiriti ni kiasi gani. Hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe, hakuna alama ya ubora. Nani aliwapa?"

"Soko. Niambie, ni harufu ndiyo mbaya?"

"Harufu peke yake si kosa. Ziko sanitaiza zinazonukia na zinafanya kazi yake vizuri, mradi ziwe na spiriti ya kutosha, angalau sitini kwa mia, na uzisugue mpaka zikauke zenyewe. Kinachoua viini ni spiriti. Marashi kazi yake ni kuifurahisha pua tu. Na kuna ngozi zinazoyakataa kabisa. Yako imeyakataa."

Hodan akajimiminia kidogo kiganjani, akasugua, wakangoja. Akahudumia mteja wa dawa ya kikohozi, akarudi. Kiganja bado kilikuwa kinanata.

"Siwezi kuapa bila kupeleka maabara," alisema. "Lakini ingekuwa na spiriti ya kutosha ingekwisha kukauka zamani. Halafu sikiliza, hata ingekuwa nzuri kuliko zote, haikufai wewe. Mikono yako kutwa ina mafuta ya maziwa. Sanitaiza haiondoi mafuta wala uchafu, inateleza juu yake. Dawa ya mikono kama hiyo ni maji na sabuni. Na kopo la hii usiliweke chini nyumbani. Inanukia kama peremende, mtoto ataionja, na kitu kisicho na jina la mtengenezaji huwezi kujua wametia nini. Wengine hutia spiriti ya sumu, ile inayopofusha macho."

Barwaqo aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Miezi miwili! Aliwafikiria kina mama wanaokuja na vikombe vyao kuwachukulia watoto maziwa. Alimfikiria mjukuu wa Osob, mteja wake wa siku zote, aliyeharisha wiki nzima. Hakuna aliyeweza kumwambia kama yalikuwa maziwa au kitu kingine, na hilo la kutojua ndilo lililomchoma zaidi. Yeye alibonyeza, akasugua, akaamini yu safi.

"Wallahi, wametuosha kwa manukato," alisema, akainuka.

Alhamisi ndiyo siku ya mkutano wa soko. Abdiwahid alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akaanza kusoma matangazo. Barwaqo alisimama kabla hajafika la pili. Mkononi alishika bakuli la samli, na kwenye sahani mbele yake palikuwa na anjera mbili, ile mikate laini ya Kisomali, zilizofunikwa kwa kitambaa.

"Msimamizi, nina swali dogo. Hii sanitaiza yako inasafisha mikono?"

"Hilo nilishalieleza, mama."

"Basi tusaidie tuone. Chovya vidole humu."

Watu wakacheka. Abdiwahid naye, kwa kutotaka kuonekana mwoga, alichovya vidole kwenye samli. Barwaqo akamwelekeza ukutani. Abdiwahid akabonyeza mara moja, mara mbili, akasugua. Akabonyeza tena. Samli na yale maji ya waridi vikachanganyika mikononi mwake kama uji, vikaanza kumtiririkia kuelekea kwenye mkono wa kanzu.

"Haya, umeshakuwa safi," Barwaqo alisema, akafunua sahani. "Karibu anjera. Bismillah."

Abdiwahid alitazama anjera, akatazama vidole vyake.

"Mbona huli?"

"Mama, unanidhalilisha mbele za watu."

"Mimi?" Sauti ya Barwaqo ilipanda mpaka wauza mboga upande wa pili wakageuka. "Wewe huwezi kula kwa mikono hiyo hata tonge moja, na sisi tumewanywesha watoto wa mji huu kwa mikono hiyohiyo miezi miwili! Nikakuonyesha vidonda, ukaniambia sijui kuoga. Maziwa yangu yamerudishwa mbele ya stendi nzima. Tangi letu liko wapi?"

"Waliotuletea walisema imepimwa..."

"Cheti cha kupimwa kiko wapi?"

Hakikuwapo. Alianza kusema kitatafutwa, lakini Rukiyo alikuwa ameshasimama, na nyuma yake wengine. Asubuhi iliyofuata hakuna mwanamke aliyeingia kibandani. Waliuza nje, kando ya ukuta, juani, kila mmoja na birika lake la maji na kipande cha sabuni pembeni, na kila mteja aliyeuliza kulikoni alielezwa kwa kirefu. Abdiwahid alipita siku ya kwanza akiwatishia kuwafukuza. Siku ya tatu alipita kimya.

Siku ya tano tangi lilirudi. Ikajulikana kwamba halikuwahi kufika kwa fundi yeyote. Lilikuwa nyuma ya ofisi ya soko, kifuniko wazi, limejaa vumbi na majani makavu. Wanawake walilisugua wenyewe. Fundi alifunga koki mpya kwa muda ambao Rukiyo alikuwa akinywa chai, na chai haikuwa imepoa. Barwaqo alisimama akimtazama akikusanya spana zake, na hasira ikampanda upya. Ni kazi ya dakika hizo tu! Kwa ajili ya dakika hizo alikuwa ameteseka miezi miwili.

Hakuna aliyeomba radhi. Vile vyombo vyeupe viling'olewa na mtu asiyeonekana, yakabaki matundu ya misumari. Mikono yake ilipona taratibu kwa mafuta aliyopewa na Hodan, ingawa kidole kimoja kimebaki na ngozi nyeusi ngumu. Jerikani mbili zilikataa kuacha ile harufu hata baada ya kufukizwa mara saba, akazitoa katika biashara, sasa anawekea maji ya kufulia. Salat alirudi baada ya wiki tatu, kwanza na chupa ndogo, akaonja palepale mbele yake. Barwaqo alimwacha aonje. Wateja wengine wawili hawakurudi, na hataki kuwabembeleza.

Juzi alipigiwa simu na Ramlo, binamu yake anayeuza maziwa katika mji wa Griftu. Katika kusalimiana, Ramlo akamwambia kwa furaha kwamba na wao wameletewa kitu kipya cha mikono pale sokoni, kinanukia ndimu, mashaallah.

"Simama hapohapo," Barwaqo alisema. "Maji yenu bado yapo?"

"Yapo."

"Basi mtu akija kubeba tangi, lalieni juu yake. Na hicho cha ndimu, tafuta mtoto anayejua kusoma akusomee kilichoandikwa ubavuni, neno kwa neno. Mimi nangoja kwenye simu."

Akavuta kigoda, akaketi, simu ikiwa sikioni.