Meza Mbaya

Juzi nilikuwa ofisi ya serikali ya mtaa, huku Mabibo, nikisubiri muhuri ambao mtunzaji wake alikuwa ameenda kunywa chai. Mbele yangu ilisikilizwa kesi ya mshitakiwa wa miaka mitatu. Anapiga wenzake chekechea, na mwalimu hamtaki tena.

"Mkimfukuza, mie sokoni nitaendaje?" aliuliza mama yake.

"Nyumbani mnampigaga?" mwenyekiti alimuuliza.

"Wallahi, hata kofi moja."

Mara mshitakiwa, akifukuza kizibo cha soda, akajigonga kwenye meza ya serikali. Akaangua kilio. Mwenyekiti aliruka kitini akaichapa meza: "Meza mbaya! Unamuumiza mjukuu wangu?" Mwalimu akaipiga teke. Mama akamalizia kwa kandambili. Mtoto naye akaitia kofi, akanyamaza, ametendewa haki.

Mwenyekiti akarudi kitini, akakohoa kiofisi. "Haya, tuendelee. Huyu mtoto kupiga anajifunzia wapi?"

Watu wazima wote wanne tuliitazama meza, nasi sote tulilelewa hivyohivyo: ukiumia, lazima apatikane wa kupigwa.

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. "Kesho mlete, mama."

Meza, hadi naondoka na muhuri wangu, ilikuwa haijaombwa radhi.