Utomvu wa Ndizi Kwenye Sari ya Mama Jaya

Kosa ni langu. Naliandika hapa juu kabisa ili msije mkafika katikati mkaanza kumtafuta mchawi. Wifi yangu naye ana lake na sitamficha, lakini mwizi ni mimi.

Nilikuwa fundi cherehani hapa Moshi mjini, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitambaa vya kila namna baada ya miaka ya kupanga foleni ya kanga. Cherehani yangu ilikaa barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa. Mke wake tulimwita Mama Jaya, kwa jina la binti yake. Alikuwa mkali, wa kukufuata hata kwa pini iliyodondoka, na mimi sikumpenda. Sitasema uongo sasa ili nionekane mwema.

Siku moja alitoka ndani amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka jeupe. Kabla ya kukifungua aliniambia nikanawe mikono. Nikanawa huku nasonya. Kumbe ilikuwa sari ya hariri, nyekundu iliyoiva, pindo la kijani limejaa nyuzi za zari, zinazong'aa kama dhahabu. Nimeshika vitambaa tangu usichana wangu, ila cha namna ile sikuwahi kukigusa.

"Hii alifuma baba yangu kwa mkono," alisema. "Pindo nimefuma mimi."

Kwao India walikuwa ukoo wa wafumaji. Aliniambia kuwa sari ya namna ile, mwili una rangi yake na pindo lina rangi yake, na vinaunganishwa palepale kwenye kitanda cha kufumia, uzi kwa uzi, bila sindano. Kwa hiyo hufumwa na watu wawili. Baba yake alikuwa anapitisha uzi wa mwili, na yeye, akiwa bado mtoto, anakaa ubavuni kupitisha uzi wa pindo. Akanionyesha mahali karibu na ncha ambapo zari imeruka kidogo.

"Hapa nilisinzia. Baba alikataa kufumua. Alisema, acha, siku ukiolewa utajua ni yako."

Aliolewa nayo akaja nayo Moshi. Sasa ilikuwa zamu ya Jaya kuolewa nayo, baada ya Krismasi. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu: kushonea utepe wa pamba kwa ndani, chini, ili pindo lisisuguliwe na sakafu.

Ningeshona nikarudisha, leo nisingekuwa naandika haya.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na duka la nguo Himo. Alikuwa anauza nguo za nailoni zilizovuka mpaka, na pesa ilikuwa imemkaa kichwani. Kila tukikutana kwenye shughuli, lazima aseme mbele za watu: "Kaka yetu kaoa fundi, lakini fundi mwenyewe mtupu." Watu wanacheka. Mume wangu naye anacheka, Mungu amsamehe.

Desemba ile mtoto wake alipata kipaimara, ukoo mzima ukaalikwa kwake, kijijini Kilema. Nikaitazama ile sari kwenye meza yangu. Nikajiambia, leo utanikoma.

Nikaivaa. Jinsi ya kuifunga nilijua, kwa miaka yote ya kuwaona wateja wa Mama Jaya. Nilipoingia uani watu waligeuka. Wifi alikuja akashika ncha kwa vidole viwili, kama mtu anayepima samaki kama ameoza.

"Nailoni ya wapi hii?"

"Hariri," nikamjibu. "Ya kufumwa kwa mkono. Nimenunua mwenyewe."

Yaani nilisema hivyo, nimenunua mwenyewe. Ulimi hauna mfupa. Wifi alinitazama toka juu mpaka chini, akatabasamu.

"Hongera. Haya, mke wa kaka, ndizi zinakusubiri."

Kwetu mke wa ukoo akifika kwenye shughuli hakai kitini kama mgeni. Anashika kisu, anakaa na wenzake, anamenya ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Na hakuna mtu wa mlimani asiyeujua utomvu wa ndizi mbichi. Ukidondoka kwenye nguo huuoni. Kesho yake ni doa jeusi, na doa hilo litazikwa pamoja na nguo. Ndiyo maana kila mwanamke ana nguo zake chakavu za ndizi.

Nilisita. Wifi akapaza sauti: "Mbona unaogopa, mae? Anayeogopa doa ni mwenye nguo ya kuazima!"

Alijua. Mpaka leo naapa alijua. Mama mmoja mwenye huruma alinirushia kanga yake nijifunge mapajani. Laiti ningeichukua! Lakini wote walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa nimejaa sumu. Nikamrudishia kanga yake.

"Sari yangu, doa langu," nikasema, nikakaa chini, nikashika kisu.

Nilimenya mpaka beseni likajaa. Wifi alipita mara kwa mara kuniangalia, na kila akipita mimi natabasamu. Ncha ya sari, ile yenye pindo la kijani, ilikuwa imelala mapajani mwangu.

Asubuhi, nyumbani kwangu Majengo, doa lilikuwa jeusi kama lami. Lilianzia kwenye pindo, palepale Mama Jaya aliposinzia utotoni, likapanda mpaka kwenye nyekundu.

Mtu mwenye akili angeibeba ile sari akaenda kukiri. Mimi nilichukua dawa ya madoa, ile kali tunayolowekea mashuka meupe. Nililoweka ncha peke yake, nikakaa nasubiri. Hariri si pamba, wenzangu. Hariri inatoka kwa mdudu, iko karibu na nywele kuliko na pamba, na ile dawa inaila. Nilipovuta, kitambaa kilibaki majini vipande vipande, na zari ikaning'inia peke yake bila kitu cha kushika. Nililia nikajipiga kofi mwenyewe.

Na bado sijafika kwenye ubaya wenyewe.

Nilishona ule utepe wa pamba vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nikapiga pasi. Nikaikunja, tundu likakaa ndani kabisa, nikaifunga kwenye shuka lake jeupe. Mama Jaya alikagua ushonaji wangu upande ulioonekana. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinisifu. Nikasema asante, mama. Nikala Krismasi.

Siku ya harusi waliifungua. Niliitwa ndani. Jaya alikuwa amekaa kitandani, mikono imejaa hina, analia bila kuweza kujifuta machozi. Mama yake ameishika ile ncha.

"Nini hii?"

Nikaanza habari za panya.

"Panya anaacha zari anakula hariri?" Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Umevaa. Nanusa jasho lako, na doa la ndizi bado liko hapa ukingoni. Ungeniambia siku ileile, mimi ningekata, ningefuma kipande kwa sindano, usiku na mchana ningekaa. Mimi ni mtoto wa mfumaji, hujui? Doa umenifanyia mara moja. Kunificha umenifanyia kila siku."

Jaya aliolewa amevaa sari ya nailoni iliyoshushwa rafuni dukani. Ilikuwa nailoni ileile anayouza wifi yangu. Mimi na cherehani yangu tulikuwa tumeshatolewa barabarani kabla magari ya harusi hayajaondoka.

Habari ilifika Himo kabla ya jua kuzama. Wifi aliisimulia kwa kila mteja, na wateja wangu wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Sina la kumlaumu hapo, ingawa simpendi na sitampenda.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenikatia sale. Kwa wasiotujua: sale ni mmea wa majani marefu, na Mchaga akikukosea akakuletea sale, huwezi kukataa kumsamehe. "Peleka," aliniambia. "Hata kama ni Mhindi, amekunywa maji ya mlima huu."

Nikaenda, nikapiga magoti barazani, nikamnyooshea lile tawi. Na niseme ukweli wote: nilitegemea hajui. Nilifikiri ataniuliza ni nini, nimweleze, alainike, nirudishe cherehani yangu mahali pake.

"Sale nalijua," alisema. "Nimekaa Moshi tangu kabla hujazaliwa. Likiletwa halikataliwi. Basi, nimesamehe."

Nikainuka natabasamu. Yeye akaingia ndani, akarudi na debe lenye udongo. Akalichomeka lile tawi humo, akalimwagia maji, akaliweka palepale cherehani yangu ilipokuwa inakaa.

"Na kwenye vihamba vyenu, mashamba yenu ya migomba, sale mnapanda kwa kazi gani nyingine?"

Nilijua jibu. Kila mtoto wa kwetu anajua.

"Mpaka," nikasema.

"Haya. Usivuke."

Sijavuka. Nashonea ng'ambo ya barabara sasa, viraka na zipu, kazi za mtu aliyepoteza jina. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi hata kuazima sikuazima. Mama Jaya amezeeka, hatoki sana, lakini kila asubuhi Jaya anakuja na kikombe kumwagilia lile sale. Limeota vizuri. Limeshapita dirisha.

Wewe unayeshika cha mwenzako, ufundi wako usikudanganye kuwa ni chako. Na kikiharibika mkononi mwako, nenda siku hiyohiyo, doa likiwa bado bichi. Ukisubiri, utasamehewa kama nilivyosamehewa mimi.