Siku Mama Alipofua kwenye Hodhi la Tatu

Harufu ya sabuni ya mche kwenye jiwe lililolowa maji baridi hunirudisha hadi leo kwenye kijiji kimoja kidogo cha mashariki mwa Ufaransa, tulikokaa wiki mbili za kiangazi mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama na mimi tulikuwa tukiishi Anderlecht, kwa Wabelgiji, ghorofa ya tano, mwaka na nusu tangu tukimbie Kivu. Mademoiselle Odile, Mbelgiji mstaafu aliyewahi kufundisha Bukavu na ambaye tulisali naye kanisa moja, alikuwa amerithi nyumba huko. Akampa Mama ufunguo, akamwambia twende tukapumzike. Tukapanda treni kwenye stesheni ya Gare du Midi, tukabadilisha mara mbili, tukamalizia safari kwa basi lenye abiria wanne.

Lazima nieleze jambo moja ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa Mama. Alikulia milimani, hakusoma sana, na Kifaransa chake kilikuwa maneno machache ya sokoni. Kwa daktari, shuleni na kwenye ofisi za serikali, yeye alisema kwa Kiswahili nami nikageuza. Nilipogeuza, nilipunguza. Siku moja alimuuliza karani kwa nini anaongea na karatasi badala ya kuongea na mtu, mimi nikamwambia karani, "Mama anashukuru." Nilimwonea haya mama yangu. Nilikuwa nimeanza hata kutembea hatua mbili mbele yake barabarani, kama mtu asiyemjua.

Kijiji chenyewe ni rahisi kukielewa ukianzia kwenye maji. Nyuma yake kuna kilima cha mawe ya chokaa. Mvua inazama juu na kutokea chini kama chemchemi. Ndiyo maana nyumba zote, za mawe yenye rangi ya siagi, zimejipanga miguuni mwa kilima kwa mstari mmoja badala ya kutawanyika. Mashamba ya ngano yanaanza nyuma tu ya maghala na kwenda hadi msituni. Katikati kuna kanisa, ukumbusho wenye majina ya vijana waliokufa vitani, na chemchemi. Maji yake yalipita katika mahodhi matatu ya mawe, moja likimwagia lingine, na la tatu lilikuwa chini ya paa la vigae. Kibao kilieleza kwamba mahali hapo ni urithi wa kijiji. Hodhi la kwanza lilijaa vyungu vya maua mekundu, na wapita njia walisimama kulipiga picha.

Siku ya tatu Mama alitandua mashuka ya Mademoiselle vitandani, akayafunga, akayabeba kichwani hadi pale. Nilimkimbilia.

"Mama, hapa hakuna muntu anafula! Ni ya kuangalia tu."

"Ya kuangalia? Maji haya yote?" akasema. "We mutoto, leta sabuni."

Akapita hodhi la kwanza, akapita la pili, akapiga magoti kwenye la tatu na kuanza kusugua. Haukupita muda, meya akatoka ofisini kwake kando ya kanisa, mwanamume mfupi mwenye viatu vya shambani. Hakufoka. "Madame," alisema taratibu, "huu ni urithi wetu. Tumeukarabati kwa miaka. Hapa hapafuliwi tena." Nyuma yake, jirani yetu mzee, Madame Berthe, alikuwa amesimama mlangoni kwake na aproni. Niliwaza kwamba tutafukuzwa, na kwamba Mademoiselle atajuta kutuamini.

Mama aliendelea kukamua shuka. "Umuambie, mimi nafula fasi ya kufulia. Ya kwanza ni ya bantu kunywa, ya pili ni ya ngombe, hii njo ya nguo. Ata kwetu iko vile. Alafu umuulize: nani aliweka maua mu maji ya kunywa?"

Nikamwambia meya, "Mama anasema pardon. Tunaondoka."

Shuka likatua majini. "Pardon?" Mama akanigeukia. "Mi nilisema pardon? Bon. Sema vile nilisema. Yote."

Nikasema yote. Nilitaja watu, ng'ombe, nguo, na mwisho maua. Madame Berthe akacheka hadi akashika fremu ya mlango.

"Gaston!" akamwita meya. "Nimekuambia mara ngapi? Marehemu mama yako angekuchapa kwa hayo maua! Nani amemfundisha huyu?"

"Hakuna, Madame," nikamjibu. "Anajua."

Akaingia ndani, akarudi na kisanduku cha mbao cha kupigia magoti na kibao cha kupondea nguo, akajibana kando ya Mama. Meya akainua vyungu viwili, akaviweka kwenye ngazi za kanisa, akaviacha vingine mlemle, akarudi ofisini. Wale wanawake wakashika shuka, mmoja huku na mwingine kule, wakalisokota. Berthe aliongea akimtazama Mama usoni, nami niligeuza kila neno, hata matusi madogo juu ya meya.

Leo naishi Berchem-Sainte-Agathe, si mbali na Anderlecht, na kufundisha jiografia. Kila kijiji ninachowachorea wanafunzi wangu huanzia kwenye maji. Mama amepita sabini, na Kifaransa chake kinamtosha kubishana na dereva wa basi, lakini hospitalini bado ananitaka niwe karibu. Mwezi uliopita daktari alituambia habari za moyo wake. Nilikitambua kishawishi kilekile cha kupunguza. Utotoni nilipunguza kwa kuona haya. Sasa ningepunguza kwa kuogopa kumpoteza, na nadhani hofu hii ni nzito zaidi. Nikamwambia yote kama yalivyosemwa. Alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha kitambaa chake kichwani, kisha akamtazama daktari machoni na kumjibu mwenyewe.